Zoezi Limefanyika, Rekodi Haikufika: Baiskeli ya Mazoezi, Simu na Daftari la Mgonjwa

Mama mmoja wa miaka 62, mkazi wa Kibaha, anashuka kwenye baiskeli ya mazoezi iliyowekwa pembeni mwa sebule yake. Amekanyaga kwa dakika 30 bila kusimama. Fulana imelowa jasho, pumzi inarejea taratibu, na nafsi yake imeridhika kwamba wajibu wa siku umetimia. Anachukua simu aliyoiegemeza kwenye usukani. Kioo kinamwambia: leo, dakika 0. Mama anaitazama simu, anaitazama baiskeli, kisha anapanda tena na kuanza upya.

Mama huyu ni wa mfano, lakini jambo lililompata linaweza kumpata yeyote anayefanya mazoezi kwa kufuata programu ya simu. Na kwa mtu anayetumia dawa za shinikizo la damu au kisukari, kupanda tena si jambo dogo. Zoezi lililopimwa kwa dakika 30 limekuwa la dakika 60, si kwa sababu mwili uliomba wala kwa sababu daktari aliagiza, bali kwa sababu kifaa kimoja hakikuzungumza na kingine.

Siku ya kliniki ikifika, kosa lile lile huzaa kosa la pili. Muuguzi anaichukua simu ya mama na kuikagua.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Mama, hapa naona wiki nzima hukufanya zoezi hata siku moja.”

“Mwanangu, nimefanya mpaka magoti yanalalamika. Siku nyingine nimerudia mara mbili.”

Hapo pana njia mbili. Muuguzi anaweza kuiamini simu na kumwona mama ni mvivu, au mbaya zaidi, kumweleza daktari kwamba zoezi halifanyiki, na daktari akaongeza dozi kwa msingi huo. Au anaweza kuuliza swali linalostahili kuulizwa kwanza: rekodi imekwama wapi?

Wahudumu wa afya wa Tanzania wana uzoefu wa kutosha wa kulijibu swali hilo. Kwa miaka mingi wamejaza vitabu vya MTUHA kwa mkono, na takwimu zake zikaingizwa katika mfumo wa DHIS2. Zahanati isipoleta ripoti ya mwezi, hakuna mganga mwenye busara anayehitimisha kwamba mwezi huo hakuna mtoto aliyezaliwa huko. Hupiga simu na kuuliza ripoti iko wapi. Mgonjwa na baiskeli yake anastahili busara hiyo hiyo. Rekodi isiyofika ni pengo katika taarifa. Si ushahidi kwamba zoezi halikufanyika.

Kwa nini kukanyaga bila kwenda popote

Utafiti wa kitaifa wa STEPS uliofanyika Tanzania mwaka 2012 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wa miaka 25 hadi 64, takriban asilimia 26 walikuwa na shinikizo la juu la damu na takriban asilimia 9 walikuwa na kisukari. Kwa wengi wao mazoezi ni sehemu ya tiba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano inatosha kufikia kiwango cha chini.

Kutembea ndilo zoezi rahisi kuliko yote, na hakuna programu inayolizidi kwa bei. Hata hivyo, si kila mtu anaweza kutembea vya kutosha. Kibaha imepitiwa na Barabara ya Morogoro, na anayetoka kazini jioni hukuta pembeni mwa barabara hiyo malori, mabasi, bodaboda na giza. Kisarawe imekaa kwenye vilima vinavyopakana na Pugu. Mteremko ulio rahisi wakati wa kwenda hugeuka mlima wakati wa kurudi, na masika hugeuza njia za udongo kuwa utelezi. Mwenye magoti yaliyochakaa hupata nafuu kwenye baiskeli kwa kuwa kiti hubeba sehemu kubwa ya uzito wake. Kwa sababu hizo, baiskeli ya mazoezi, iwe ya chumba cha fiziotherapia, ya ukumbi wa mazoezi au ya nyumbani, imekuwa msaada wa kweli kwa wanaoweza kuipata.

Baiskeli nyingi ni za kawaida, zenye kioo kidogo cha kuonyesha muda na kasi. Nyingine huungana na simu kwa Bluetooth, na programu humpa mtumiaji mpango wa mazoezi, hupima mapigo ya moyo kupitia saa janja au mkanda wa kifuani, kisha huhifadhi matokeo. Programu kama Zwift na TrainerRoad zilitengenezwa kwa ajili ya waendesha baiskeli wa mashindano na wapenzi wa mchezo huo, si kwa ajili ya mgonjwa wa moyo. Jambo hilo halifai kusahauliwa, na litarejewa mbele.

Safari ya rekodi

Ili kujua rekodi imekwama wapi, ni lazima kujua inapita wapi. Safari yake ina vituo vinne. Cha kwanza ni baiskeli na vihisio vyake, vinavyopima mizunguko, nguvu na mapigo ya moyo. Cha pili ni simu, inayopokea vipimo hivyo kwa Bluetooth na kuviandika katika faili. Cha tatu ni seva ya kampuni ya programu, inayopokea faili hiyo kupitia intaneti. Cha nne ni programu nyingine yoyote iliyounganishwa, kama Strava au Health Connect, inayochota nakala kutoka kwenye seva au kwenye simu.

Mpango wa mazoezi husafiri kinyume: hutoka kwenye seva, hushuka kwenye simu, ndipo simu huiongoza baiskeli. Kushusha kutoka kwenye seva ndiko kupakua, kupandisha ni kupakia, na kuhakikisha kwamba nakala za pande zote zinafanana ni kulandanisha, ambako watumiaji wengi hukuita kusinki. Maneno haya matatu yakieleweka, tatizo huacha kuwa fumbo. Hubaki kuwa mzigo uliosimama kwenye kituo fulani, na kazi ni kukitafuta kituo hicho.

Mpango usioshuka

Tuseme mzee mmoja wa Maneromango, wilayani Kisarawe, amerudi nyumbani kutoka kliniki akiwa na mpango mpya. Mpango wa zamani ulikuwa mzito kwake, kwa hiyo mtaalamu wa fiziotherapia ameupunguza. Asubuhi anafungua programu. Alama ya kupakua inazunguka, inazunguka, kisha inatoweka. Kinachobaki kwenye kioo ni mpango wa wiki iliyopita. Mzee anaona mpango ni mpango, anapanda baiskeli na kuufuata ule ule ambao mtaalamu alikwisha kuuondoa.

Hatari ya tatizo la kupakua iko hapo: simu haiachi kioo kitupu, bali huonyesha kitu cha zamani kana kwamba ni kipya. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga, jambo la kwanza ni kusoma tarehe na jina la zoezi lililopo kwenye kioo. Ikiwa si la leo, mzee asilifuate. Akanyage polepole kwa muda alioagizwa, bila programu, hadi mpango sahihi upatikane.

Sababu za mpango kukwama ni chache, na nyingi hutatuliwa nyumbani. Ya kwanza ni mtandao. Alama ya mtandao kwenye simu huonyesha kwamba simu inauona mnara. Haithibitishi kwamba data inapita. Kifurushi kinaweza kuwa kimekwisha usiku. Kipimo rahisi ni kufungua ukurasa wowote wa intaneti ambao haujafunguliwa siku hiyo. Usipofunguka, tatizo si la programu. Kuwasha hali ya ndege kwa nusu dakika na kuizima huilazimisha simu kutafuta mnara upya, na mara nyingi hilo latosha. Anayeishi bondeni, ambako mtandao huja na kupotea, apakue mipango ya wiki nzima akiwa mahali penye mtandao mzuri, hata akiwa bado kliniki, ikiwa programu inaruhusu. Mhudumu anayempa mgonjwa mpango mpya anaweza kuokoa wiki nzima kwa kumwomba aufungue mbele yake kabla hajaondoka.

Ya pili ni nafasi. Simu iliyojaa picha na video za makundi ya familia haina pa kuweka faili mpya. Mpango wenyewe ni mdogo sana, lakini baadhi ya programu hutaka pia kushusha video ya njia au ya mwalimu, na video hiyo ndiyo inayomeza kifurushi na kujaza simu. Pale programu inaporuhusu, video izimwe na mpango pekee ushushwe.

Ya tatu ni toleo la programu. Kampuni ikibadilisha mfumo wake, toleo la zamani lililoko kwenye simu hushindwa kuelewana na seva. Masasisho yafanywe mapema, si dakika tano kabla ya zoezi.

Ya nne ni saa ya simu. Tarehe ikikosewa kwa kiasi kikubwa, simu hukataa kuungana kwa usalama na seva, kwa kuwa vyeti vya usalama vya mtandao vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Na hapa Waswahili tuna mtego wetu wa pekee. Anayeweka saa ya kifaa kwa mkono anaweza kuandika 1:00 akikusudia saa moja asubuhi, ilhali kifaa kinaelewa saa saba usiku. Dawa yake ni kuwasha mpangilio wa saa na tarehe za kujiweka zenyewe, na kuhakikisha kwamba eneo la saa ni la Afrika Mashariki. Simu iliyobaki kwenye saa za Los Angeles, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 10 au 11, itaandika zoezi la Jumanne asubuhi kuwa la Jumatatu jioni, na mgonjwa atadhani limepotea ilhali limekaa kwenye siku ya jirani.

Rekodi isiyopanda

Turudi kwa mama wa Kibaha. Yeye mpango wake ulishuka, zoezi likafanyika, rekodi ndiyo haikuonekana. Njia ya kuchunguza ni kuvifuata vituo vinne kwa mpangilio, kuanzia kwenye baiskeli.

Je, baiskeli iliungana na simu? Wakati wa kukanyaga, namba za mizunguko zilikuwa zinabadilika kwenye kioo cha simu au zilisimama kwenye sifuri? Kama zilisimama, simu haikupokea kitu, na hakuna rekodi ya kutafuta. Sababu mara nyingi ni kwamba baiskeli imeshikwa na simu nyingine. Baiskeli nyingi hukubali kuungana na simu moja tu kwa Bluetooth. Katika chumba chenye baiskeli mbili au tatu za aina moja, hatari ni kubwa zaidi: simu ya mgonjwa inaweza kuungana na baiskeli ya jirani, na mgonjwa akaondoka na rekodi ya miguu ya mtu mwingine. Vyumba vya fiziotherapia vyenye vifaa hivyo vibandike kwenye kila baiskeli jina lake kama linavyoonekana kwenye simu, kwa maandishi makubwa.

Kama baiskeli haionekani kabisa, zitazamwe ruhusa. Simu za Android za matoleo ya 6 hadi 11 hudai ruhusa ya mahali ndipo zitafute vifaa vya Bluetooth. Kuanzia toleo la 12 kuna ruhusa ya vifaa vya karibu. Mtumiaji aliyebonyeza “kataa” siku ya kwanza hujifungia mlango bila kujua.

Je, faili imo ndani ya simu? Programu nyingi zina orodha ya mazoezi yaliyofanyika, na lile ambalo halijapanda huwa na alama ya wingu lenye mshale au neno la kusubiri. Likionekana hapo, kazi kubwa imekwisha: zoezi lipo, linasubiri usafiri tu. Programu iachwe wazi kwenye kioo, simu iwe kwenye mtandao mzuri, na dakika chache zipite. Faili ya zoezi la nusu saa isiyo na video kwa kawaida haifiki hata megabaiti moja. Haihitaji kifurushi kikubwa, inahitaji mtandao usiokatika.

Kinachozuia usafiri huo mara nyingi ni uangalizi wa betri. Simu nyingi huzima programu zinazofanya kazi kichinichini ili kuokoa chaji. Mama anamaliza zoezi, anafunga kioo, anaiweka simu mezani, na simu inaizima programu kabla haijapakia. Katika mipangilio ya betri, programu ya mazoezi ipewe ruhusa ya kufanya kazi bila kikomo, na mtumiaji ajizoeze kubonyeza “hifadhi” na kusubiri uthibitisho kabla ya kuiweka simu chini.

Jambo moja lisifanywe kamwe wakati rekodi inasubiri: kuifuta programu na kuiweka upya. Ushauri huo hutolewa kwa wepesi na marafiki, nao ndio unaoiangamiza faili ambayo bado imo ndani ya simu peke yake. Vivyo hivyo, kufuta data ya programu huondoa kila kitu, tofauti na kufuta akiba ya muda, ambako kwa kawaida hakugusi rekodi. Hata kutoka kwenye akaunti na kuingia tena kunaweza, katika baadhi ya programu, kuondoa mazoezi ambayo hayajapakiwa. Kwanza rekodi ipigwe picha ya kioo, ipakiwe, ndipo mengine yafuate.

Je, imefika kwenye seva lakini haionekani kwenye programu nyingine? Hapo kiungo baina ya programu mbili kimekatika, mara nyingi baada ya kubadilisha nenosiri. Kiondolewe na kiunganishwe upya. Kinyume chake pia hutokea: saa janja na baiskeli zote mbili zinapeleka zoezi lile lile, na dakika 30 zinaonekana kuwa 60. Mhudumu anayeona jumla kubwa kupita kiasi atazame saa za kuanza. Mazoezi mawili yaliyoanza kwa wakati mmoja ni zoezi moja.

Akaunti ya mjukuu

Muuguzi wa kliniki alipomwuliza mama ni nani aliyemwekea programu, jibu lilikuwa jepesi: “Mjukuu wangu, alipokuja likizo.” Mjukuu alikuwa na haraka na upendo. Alifungua akaunti kwa barua pepe yake, kwa nenosiri lake, na alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa akaandika yake. Baadaye mama alipewa simu nyingine, jirani akamfungulia akaunti mpya. Mazoezi yakawa yanakwenda kwenye akaunti moja, na mama anatazama nyingine. Hakuna kilichopotea, vilikuwa nyumba mbili.

Lakini kuna jambo zito kuliko rekodi. Programu nyingi hukadiria mapigo ya juu kabisa ya moyo kwa kutoa umri kutoka 220. Kwa mjukuu wa miaka 19, jibu ni 201. Kwa bibi wa miaka 62, ni 158. Programu ikimtaka mtu afikie asilimia 70, itamwambia mjukuu afikie mapigo 141 kwa dakika na bibi 111. Kwa akaunti ile, bibi alikuwa anasukumwa na kioo kufikia moyo wa kijana, na kila aliposhindwa kioo kilimwambia aongeze juhudi.

Hata umri ukisahihishwa, hesabu hiyo haimfai kila mgonjwa. Anayetumia dawa za kundi la atenololi, bisoprololi, karvediloli au propranololi, moyo wake umezuiwa makusudi usiende mbio. Atakanyaga kwa bidii na mapigo yatabaki chini, na programu itamhesabu kuwa amelegea. Kwake yeye, kipimo bora ni mwili wenyewe. Anayefanya zoezi la wastani anaweza kuzungumza sentensi nzima lakini hawezi kuimba. Asiyeweza kuzungumza amezidisha. Kipimo cha Borg, kilichobuniwa na mwanasaikolojia wa Sweden Gunnar Borg, huanza na 6 na kuishia 20, na zoezi la wastani huangukia karibu na 12 au 13. Namba hiyo haihitaji intaneti.

Pale programu inapotaka kufanya kinyume na mwili

Kwa kuwa programu hizi zilizaliwa kwenye michezo, baadhi huanza kwa kumtaka mtumiaji afanye jaribio la nguvu: kukanyaga dakika 20 kwa kadiri ya uwezo wake wote, ili viwango vya mazoezi vipangwe kutokana na matokeo. Mgonjwa wa moyo, wa shinikizo la damu au wa kisukari asifanye jaribio hilo bila idhini ya daktari wake. Mahali pa kuruka hatua hiyo pakikosekana, kiwango cha chini kabisa kiandikwe kwa mkono.

Baiskeli zinazoongozwa na programu zina hali ambayo mashine hulinda wati zilizoagizwa. Ikiagizwa wati 100, na miguu ikachoka kutoka mizunguko 80 hadi 40 kwa dakika, mashine itaongeza ukinzani maradufu ili wati zibaki 100. Mgonjwa anapopungukiwa nguvu, ndipo pedali zinakuwa nzito zaidi. Hali hiyo izimwe kwa wagonjwa, na kila mmoja aonyeshwe kitufe cha kusimamisha kabla hajajifunza kitu kingine.

Ziko pia siku ambazo zoezi lenyewe liahirishwe, hata kama simu inakumbusha. Shinikizo la damu likiwa 180/110 au zaidi wakati mtu amepumzika, asipande baiskeli. Awasiliane na kituo chake. Anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamidi apime sukari kwanza. Ikiwa chini ya 5 mmol/L, ale kitu chenye wanga kabla ya kuanza, na awe na sukari au juisi karibu. Hatari ya sukari kushuka haiishi mtu anaposhuka kwenye baiskeli. Huendelea kwa saa kadhaa, na huongezeka kwa yule aliyerudia zoezi kwa sababu ya sifuri ya kwenye kioo. Maumivu au kubanwa kwa kifua, kizunguzungu, kupumua kwa shida isiyo ya kawaida au moyo kupiga ovyo ni amri ya kusimama papo hapo na kutafuta huduma. Rekodi isubiri.

Daftari la shilingi chache

Baada ya yote hayo, kinga bora dhidi ya rekodi iliyopotea ni daftari la shule na kalamu vilivyofungwa kwa uzi kwenye usukani. Kila zoezi lipate mstari mmoja: tarehe, saa ya kuanza, dakika, namba ya Borg, shinikizo au sukari kama ilipimwa, na neno moja kuhusu hali. Saa iandikwe pamoja na wakati wake. “Saa 12” peke yake haitoshi, kwani programu itaandika 06:00 au 18:00, na mhudumu atabaki kubahatisha. “Saa 12 asubuhi” humaliza ubishi, na anayesoma akumbuke kwamba saa 1 asubuhi ya daftari na 07:00 ya simu ni zoezi lile lile.

Kliniki, daftari na simu visomwe pamoja. Vikikubaliana, vyema. Visipokubaliana, mgonjwa aulizwe kwa heshima kabla ya dozi kuguswa, na mapigo ya moyo, uzito na shinikizo vipimwe, kwa kuwa mwili nao huweka rekodi. Mhudumu asichukue nenosiri la mgonjwa wala kupiga picha kioo chake bila ridhaa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mapigo ya moyo wa mtu ni taarifa zake binafsi sawa na jibu lake la maabara.

Muuguzi wa Kibaha, katika mfano wetu, hakuhitaji zaidi ya robo saa. Aliikuta akaunti ya mjukuu, akayaona ndani yake mazoezi tisa katika siku tano, akamsaidia mama kubaki na akaunti moja yenye tarehe yake mwenyewe ya kuzaliwa, na akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anafanya mazoezi kupita alivyoagizwa. Daktari alipoisoma faili hakuongeza dawa. Aliuliza kuhusu magoti.

Jioni ile mama alikanyaga dakika zake 30. Simu ilionyesha sifuri kwa muda, kama kawaida yake. Mama akachukua kalamu, akaandika mstari mmoja, akaenda kuoga.